Seva Ikikataa Bila Kusema Sababu: Namna ya Kuchunguza Programu za Eksiti Kwenye IBM i

Jumatatu asubuhi mhasibu anafungua ripoti yake ya Excel, anabonyeza kitufe cha kuvuta takwimu, na ripoti inagoma. Nenosiri ni lile lile na kompyuta ni ile ile, na wenzake wawili wa meza ya jirani wanavuta takwimu bila shida. Fundi wa mtandao anapima laini na kusema iko sawa. Msimamizi wa mashine anaangalia profaili ya mhasibu na kukuta haijafungwa. Saa mbili baadaye kila mmoja ameshathibitisha kwamba kosa si lake, na ripoti bado haijatoka.

Kama mashine yenu ni IBM i, ile ambayo wengi wanaendelea kuiita AS/400, kuna mahali pamoja ambapo huenda hakuna aliyepaangalia: programu ya eksiti. Mwongozo huu ni wako wewe unayeitunza mashine hiyo, uwe mwandishi wa programu, msimamizi wa mfumo au ofisa wa usalama. Unachukulia kwamba unajua kutumia skrini ya kijani na amri za kawaida.

Eksiti ni nini, na kwa nini zipo

IBM waliitangaza AS/400 mwezi Juni 1988, na ilibuniwa katika maabara yao ya Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Jina limebadilika mara kadhaa hadi kufikia IBM i mwaka 2008, lakini programu zilizoandikwa miaka ile nyingi zinafanya kazi mpaka leo. Zama hizo mtumiaji alikaa mbele ya skrini ya kijani na kuchagua namba kwenye menyu. Menyu ndiyo iliyokuwa ulinzi: kama mishahara haimo kwenye menyu yako, huioni. Kampuni nyingi hazikujisumbua kuweka ruhusa za kweli kwenye mafaili yenyewe.

Kisha zikaja kompyuta za mezani, zikaja ODBC na FTP, na menyu ikawa haimzuii mtu tena. Mwenye nenosiri halali aliweza kulivuta faili zima la mishahara hadi kwenye Excel yake. Ndiyo maana ndani ya seva zake za mtandao IBM waliweka sehemu ambazo seva husimama kwanza na kuiuliza programu yako: ombi hili lipite au lisipite? Sehemu hiyo ndiyo eksiti, na programu unayoisajili hapo ndiyo programu ya eksiti. Ni kama askari wa getini: ana daftari lake la majina, na akimrudisha mgeni si lazima amweleze kwa nini.

Ugumu wote wa kuchunguza unaanzia hapo. Programu hii haina skrini. Inaendeshwa ndani ya jobu ya seva ambayo mtumiaji haioni. Ikikataa, inarudisha tarakimu moja tu. Ikianguka yenyewe kwa kosa la kiufundi, seva nayo huchukulia kwamba jibu ni hapana. Kwa mtumiaji, kukataliwa kwa haki na kuharibika kwa programu vina sura moja. Kazi yako ya kwanza ni kutenganisha hayo mawili.

Anza kwa kubana tatizo

Kabla hujagusa kitu, pata majibu ya maswali manne: ni profaili gani, kutoka anwani gani ya IP, kupitia huduma gani, na kwa kitendo gani hasa. "Mfumo unakataa" si taarifa. "Profaili ya mhasibu, kutoka kompyuta yake, kwa ODBC, inaunganika lakini inakataliwa ikisoma faili moja" ni taarifa ya kufanyia kazi.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Profaili ile ile ikijaribu kutoka kompyuta nyingine, inakuwaje? Profaili nyingine kutoka kompyuta ile ile, je? ODBC inagoma lakini FTP inapita? Kama profaili moja inagoma popote ilipo huku nyingine zinapita, shuku kanuni au ruhusa za profaili hiyo. Kama kila mtu anagoma kutoka ofisi fulani tu, shuku kanuni ya anwani za IP. Kama kila mtu anagoma kwa huduma moja kuanzia saa fulani, programu ya eksiti yenyewe imeharibika au imebadilishwa.

Kumbuka pia kwamba ombi moja la mtumiaji hupita kwenye eksiti zaidi ya moja. Ripoti ya Excel kwa ODBC kwa kawaida huanza kwenye seva ya kuingilia, poti 8476, kisha huenda kwenye seva ya hifadhidata, poti 8471. Kwenye hifadhidata kuna eksiti ya kufungua muunganisho, halafu eksiti ya kila tamko la SQL. Mtu anaweza kupita mbili za kwanza na kurudishwa kwenye ya tatu. Ndiyo maana swali la "anakwama hatua ipi" lina thamani kubwa.

Orodhesha walio getini

Andika WRKREGINF. Utapata orodha ndefu ya eksiti zote za mashine. Chaguo namba 8 mbele ya kila moja linakuonyesha programu iliyosajiliwa hapo. Zinazohusika zaidi na malalamiko ya watumiaji wa mtandao ni hizi:

- QIBM_QZSO_SIGNONSRV: seva ya kuingilia.
- QIBM_QZDA_INIT: kufungua muunganisho wa hifadhidata, kwa ODBC na JDBC.
- QIBM_QZDA_SQL1 na QIBM_QZDA_SQL2: matamko ya SQL.
- QIBM_QZRC_RMT: amri na programu zinazoitwa kutoka mbali.
- QIBM_QPWFS_FILE_SERV: seva ya mafaili.
- QIBM_QTMF_SVR_LOGON: kuingia kwenye FTP.
- QIBM_QTMF_SERVER_REQ: kila kitendo ndani ya FTP.
- QIBM_QTG_DEVINIT: kuanza kwa Telnet.

Andika jina la programu, maktaba yake na fomati iliyosajiliwa nayo. Kwenye matoleo ya karibuni unaweza kupata orodha hiyo kwa SQL moja kutoka QSYS2.EXIT_PROGRAM_INFO, na kuihifadhi kama kumbukumbu ya siku mambo yakiwa mazuri. Siku yakiharibika, unalinganisha.

Mambo mawili huwapotosha watu hapa. La kwanza, mlango wa DDM na DRDA haumo kwenye orodha hiyo. Programu yake hutajwa kwenye sifa ya mtandao iitwayo DDMACC, unayoiona kwa DSPNETA. Mtu anaweza kuzunguka WRKREGINF siku nzima huku anayekataa amekaa kwenye DDMACC. La pili, kama mmenunua programu ya usalama kutoka kampuni ya nje, utaona jina la programu yao kwenye kila eksiti, na programu yenu ya zamani huenda sasa inaitwa na ya kwao kutoka ndani. Hapo kanuni zinazokataa zimo kwenye menyu na majedwali yao, na logi yao ndiyo ya kusoma kwanza.

Swali la mwisho la hatua hii: nani alibadilisha nini, na lini? Kama ukaguzi wa mabadiliko ya usalama umewashwa, jarida la QAUDJRN huandika rekodi za aina ya GR programu ya eksiti inaposajiliwa, kubadilishwa au kuondolewa. Zitoe kwa CPYAUDJRNE ENTTYP(GR). Ukikuta badiliko la Ijumaa jioni na malalamiko ya Jumatatu asubuhi, huna haja ya kutafuta mbali.

Ipate jobu yenyewe

Ushahidi wa kweli umo kwenye logi ya jobu iliyomhudumia mtumiaji, na kuipata ndiko wengi wanakokwama. Jobu za hifadhidata zinaitwa QZDASOINIT na zimo ndani ya QUSRWRK. Zile za muunganisho uliofichwa kwa TLS zinaitwa QZDASSINIT. Za amri za mbali ni QZRCSRVS, za FTP zinaanza na QTFTP. Nyingi zimewashwa mapema zikingoja wateja, na zile za hifadhidata na za amri zimesajiliwa kwa jina la QUSER, za FTP kwa QTCP, hata pale zinapomhudumia mhasibu. Ukifungua WRKACTJOB utaona safu ya majina yanayofanana, na hujui ya nani ni ipi.

Njia ya mkato ni hii. Mwombe mtumiaji aunganishe na asifunge dirisha, kisha andika:

WRKOBJLCK OBJ(QSYS/MHASIBU) OBJTYPE(*USRPRF)

ukiweka jina la profaili husika. Jobu inapomhudumia mtu huishikilia profaili yake, kwa hiyo orodha inayotokea ni ya jobu zake tu. Ingia kwenye jobu, chagua 10 usome logi. Ujumbe CPIAD12 utakuonyesha profaili inayohudumiwa na anwani ya mteja. Linganisha na majibu yako ya mwanzo. Usisome logi ya mtu mwingine.

Kama mtumiaji anarudishwa papo hapo na profaili haishikiliwi, angalia kwenye historia ya mashine kwa DSPLOG MSGID(CPIAD09). Ujumbe huo hutaja profaili, anwani na namba kamili ya jobu. NETSTAT *CNN nayo inasaidia: tafuta anwani ya mteja, kisha chagua 8 uone jobu iliyo nyuma ya muunganisho.

Tahadhari moja. Jobu hizi hurudishwa kungoja mteja mwingine, na logi iliyokuwamo inaweza kufutwa. Nyingine haziachi logi zikimalizika salama kwa sababu maelezo ya jobu yanasema *NOLIST. Ukishaipata jobu ikiwa hai, iambie iandike kila kitu:

CHGJOB JOB(123456/QUSER/QZDASOINIT) LOG(4 00 *SECLVL) LOGCLPGM(*YES)

kisha mwombe mtumiaji arudie kitendo kilichokataliwa.

Soma dalili

Ukiikuta logi, jibu mara nyingi liko wazi. Hizi ndizo dalili zinazojirudia.

Logi haina kosa lolote la mashine, na upande wa mteja ujumbe unasema programu ya eksiti imekataa, au FTP inasema "550 Request rejected". Programu inafanya kazi na imeamua kukataa. Nenda kwenye kanuni: jedwali la majina, orodha ya anwani, saa zinazoruhusiwa. Hili si kosa la kiufundi, na huenda hata si kosa.

MCH3401 au CPF4101. Programu inatafuta kitu na haikioni. Karibu kila mara ni orodha ya maktaba. Ulipoijaribu kwenye skrini yako, maktaba ya jedwali la kanuni ilikuwamo kwenye orodha yako. Jobu ya seva ina orodha nyingine. Dawa ni kutaja maktaba waziwazi ndani ya programu kila unapofungua faili au kuita programu nyingine.

Kosa la ruhusa, au rekodi za aina ya AF kwenye QAUDJRN. Baada ya mtumiaji kutambuliwa, jobu hufanya kazi kwa profaili yake, kwa hiyo programu yako inasoma jedwali kwa ruhusa za mhasibu, si zako. Ikiwa yeye hana ruhusa ya jedwali au ya programu yenyewe, inakwama. Ndiyo maana inapita kwako na kwa wakubwa wenye *ALLOBJ, na inagoma kwa watu wa kawaida. Ikompaili kwa USRPRF(*OWNER), mpe mwenye programu ruhusa ya jedwali, na umma wapewe *USE ya programu peke yake.

MCH0802 au MCH3601. Idadi ya parameta haiendani. CL hulalamika mara moja kwa MCH0802; RPG inaweza kunyamaza hadi iguse parameta ambayo haikuletwa, ndipo itoe MCH3601. Chanzo cha kawaida ni kuisajili programu iliyoandikwa kwa fomati moja kwenye eksiti yenye fomati nyingine.

Hakuna kosa, hakuna jibu, mteja ananing'inia tu. Angalia hali ya jobu kwenye WRKACTJOB. Ikiwa ni MSGW, programu imeanguka na imeuliza swali kwenye foleni ya QSYSOPR, nayo inangoja mtu ajibu. Ikiwa ni LCKW, inangoja faili au rekodi iliyoshikiliwa na jobu nyingine, mara nyingi faili la logi ya programu yenyewe.

Parameta: hapa ndipo mdudu anapojificha

Seva za hifadhidata, za mafaili na za amri hupitisha parameta mbili. Ya kwanza ni baiti moja ya jibu: '1' ni ndiyo, '0' ni hapana. Usirudishe kitu kingine chochote, kwa sababu kila seva inaweza kukitafsiri kivyake. Ya pili ni muundo wenye maelezo ya ombi, nao huanza vilevile kwa zote: herufi 10 za profaili, 10 za jina la seva, 8 za fomati, kisha namba ya baiti 4 inayotaja kitendo. Baada ya hapo kila fomati ina mpangilio wake. Kwenye QIBM_QZRC_RMT, kwa mfano, kitendo chenye thamani ya hex 1002 ni amri na 1003 ni kuita programu, na yanayofuata hayafanani. Programu isiyosoma namba hiyo kwanza itatafsiri jina la programu kana kwamba ni maandishi ya amri.

Fomati ZDAQ0100 hukuletea baiti 512 tu za mwanzo za tamko la SQL. Ukitafuta jina la faili nyeti ndani ya tamko refu, huenda liko baada ya hapo na hulioni. Tumia ZDAQ0200. Seva ya mafaili nayo huleta njia ya faili kwa Unikodi. Ukiilinganisha moja kwa moja na maandishi ya EBCDIC, haitalingana kamwe.

FTP ina utaratibu wake. VLRQ0100 ina parameta nane, na jibu ni namba ya baiti 4, si herufi. Thamani 0 ni kataa na 1 ni ruhusu. Lakini zipo pia -1, yaani kataa kitendo hiki moja kwa moja, na 2, yaani kiruhusu moja kwa moja. Ukirudisha moja kati ya hizi mbili, seva haikuulizi tena kuhusu kitendo hicho mpaka kikao kiishe. Mtu akikuambia "nimebadilisha kanuni lakini bado anapita", mwulize programu inarudisha 1 au 2. Na kitendo namba 0, cha kufungua kikao, hufika kabla mtumiaji hajajitambulisha, kwa hiyo sehemu ya profaili ni tupu. Programu inayokataa kila jina lisilomo kwenye jedwali itaufunga mlango mzima wa FTP kwa watu wote.

Tazama mdudu mmoja kwa karibu, kwa sababu ni wa kawaida mno. Parameta ya nne ya VLRQ0100 ni anwani ya IP ya mteja, na ya tano ni urefu wake. Mwandishi anatangaza anwani kuwa ya herufi 15 na kuilinganisha moja kwa moja:

DCL VAR(&IPIN) TYPE(*CHAR) LEN(15)
IF COND(&IPIN *EQ '10.1.2.5') THEN(...)

Anaijaribu kwa CALL kutoka skrini yake na inapita. Anaisajili, na mteja anakataliwa. Sababu ni kwamba ukiandika maandishi mafupi kwenye CALL, mfumo huyajazia nafasi tupu hadi herufi 32, kwa hiyo jaribio lilikuwa safi. Seva haiahidi hivyo: inaleta herufi 8 za anwani, na kinachofuata kwenye kumbukumbu ni takataka yoyote iliyokuwapo. Leo inalingana, kesho hailingani. Dawa ni kuuheshimu urefu ulioletwa:

DCL VAR(&IP) TYPE(*CHAR) LEN(45)
CHGVAR VAR(&IP) VALUE(%SST(&IPIN 1 &IPLEN))

huku &IPIN ikitangazwa kwa urefu wa kutosha na &IPLEN ikiwa *INT ya baiti 4. Na unapojaribu kwa CALL, namba za baiti 4 ziandike kwa hex, kama X'00000001'. Ukiandika 1 tupu, mfumo utapitisha desimali iliyopakiwa na programu itasoma upuuzi.

Umerekebisha, lakini hakuna kilichobadilika

Umekompaili upya, umejaribu, na kosa ni lile lile. Kabla hujaanza kujitilia shaka, kumbuka kwamba jobu za seva zilishaifungua programu ya zamani. Unapokompaili kwa kubadilisha iliyopo, mfumo hauiui ya zamani. Huihamishia kwenye maktaba ya QRPLOBJ, na jobu iliyokuwa ikiitumia huendelea nayo kutoka huko. Ingia kwenye jobu, chagua 11 uone programu zinazoitana. Ukiona programu yako ikitokea QRPLOBJ, umepata jibu.

Zima na kuwasha seva husika, kwa saa iliyokubaliwa na wenye kazi. Kwa FTP ni ENDTCPSVR SERVER(*FTP) na kisha STRTCPSVR SERVER(*FTP). Kwa hifadhidata, kuizima kwa ENDHOSTSVR hakutoshi kama jobu za QZDASOINIT zimebaki zikingoja; zimalize pia:

ENDPJ SBS(QUSRWRK) PGM(QZDASOINIT) OPTION(*IMMED)
STRPJ SBS(QUSRWRK) PGM(QZDASOINIT)

Amri ya kwanza huwakata wote walio kwenye muunganisho. Kwa seva ya mafaili, panga kuuzima na kuuwasha mfumo mdogo wa QSERVER. Fanya hivyo hivyo kila unaposajili au kuondoa programu ya eksiti.

Logi isipotosha, tumia dibaga

Kama programu ilikompailiwa kwa DBGVIEW(*SOURCE), unaweza kuitazama ikifanya kazi ndani ya jobu ya seva. Mwombe mtumiaji aunganishe, ipate jobu yake, kisha:

STRSRVJOB JOB(123456/QUSER/QZDASOINIT)
STRDBG PGM(USALAMA/EKSITISQL)

Weka alama ya kusimama kwa F6 kwenye mstari wa kwanza unaofanya kazi, toka, na umwombe mtumiaji arudie kitendo. Skrini yako itafunguka papo hapo, ukiona thamani za kweli zilizoletwa na seva, siyo zile ulizodhani. Pitia mstari kwa mstari kwa F10. Ukimaliza, ENDDBG na ENDSRVJOB. Wakati wote huo mteja amesimama anangoja, kwa hiyo usiende kunywa chai katikati.

Njia hii haifai kwa eksiti ya kufungua muunganisho, kwa sababu inaitwa kabla hujapata nafasi ya kuishika jobu. Hapo sajili kwa muda programu fupi inayokubali wote na kuandika kilicholetwa:

PGM PARM(&JIBU &OMBI)
DCL VAR(&JIBU) TYPE(*CHAR) LEN(1)
DCL VAR(&OMBI) TYPE(*CHAR) LEN(28)
CHGVAR VAR(&JIBU) VALUE('1')
SNDPGMMSG MSG(&OMBI) TOMSGQ(USALAMA/EKSITI)
ENDPGM

Foleni ya ujumbe iundwe kwa MSGQFULL(*WRAP) ili isijae na kuiangusha programu. Ujumbe utaonyesha profaili, seva na fomati. Kama kwa programu hii mtumiaji anapita, mtandao, nenosiri na seva vyote vimeondolewa lawama.

Kuondoa kwa muda: tahadhari tano

RMVEXITPGM ndiyo amri ya kwanza inayomjia fundi aliyebanwa, na ndiyo inayoacha mlango wazi. Itumie hivi.

1. Kusanya logi kwanza. Ukishaondoa programu na kuzima seva, ushahidi umekwenda nayo.
2. Pata idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye dhamana ya usalama.
3. Ondoa programu ya eksiti moja tu, ile unayoishuku.
4. Andika fomati na namba ya programu kama zilivyokuwa, ili ADDEXITPGM iirudishe ilivyokuwa.
5. Weka saa ya kuirudisha, na mtu mwenye jukumu hilo kwa jina.

Kwa eksiti ya Telnet, hakikisha una kikao kilichofunguliwa kwenye konsoli kabla ya kubadilisha chochote. Kosa moja hapo linaweza kuwafungia nje watumiaji wote, na wewe ukiwamo.

Andika programu inayojieleza

Sehemu kubwa ya mateso haya hutokana na namna programu zilivyoandikwa. Mdudu mbaya kuliko wote ni mstari mmoja: MONMSG MSGID(CPF0000) uliowekwa juu kabisa, bila kitendo. Kosa lolote linamezwa, na jibu linabaki lile lililowekwa mwanzoni. Kama mwandishi alianza na '1', programu iliyoharibika inaruhusu kila mtu, na hakuna atakayelalamika mpaka siku takwimu zitakapokutwa mahali pasipostahili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Anza na '0', na ubadilishe kuwa '1' pale tu kanuni inaporuhusu. Kosa likitokea, likamate, liandike kwa namba yake, kisha kataa. Kila ukikataa, andika profaili, anwani, kitendo na kanuni iliyotumika. Taja maktaba waziwazi. Usifungue na kufunga jedwali kwa kila ombi, maana eksiti ya SQL inaweza kuitwa mara nyingi kwa ripoti moja na kuchelewesha wote. Kabla ya kukataa kwa kweli, iendeshe kwa muda katika hali ya kuandika tu, ijulikane ingewakataa akina nani; hapo ndipo jobu ya usiku ya malipo, ambayo hakuna aliyeikumbuka, hujitokeza.

Na programu ya eksiti isiwe mbadala wa ruhusa za mafaili. Inalinda milango iliyosajiliwa tu. Mlango mpya ukiongezwa bila kusajiliwa, ulinzi haupo. Faili la mishahara lenye *PUBLIC *EXCLUDE ni salama kwa kila mlango, hata ule usioujua. Weka ruhusa kwenye faili kwanza, kisha eksiti juu yake, na orodha ya eksiti zenu zote iwekwe mahali ambapo fundi wa zamu ataiona kabla hajampigia simu mtu wa mtandao.